Deni la Kisogo

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la shela za maharusi,
mtaa wa Alsancak, Izmir, ndiko ninakohesabu nywele.
Jina langu Şengül. Miaka kumi na moja nimeshika kibano,
na vichwa vya wanaume navijua
kuliko mama zao wanavyovijua.

Leo ni Tuncay, fundi wa lifti, miaka thelathini na mitatu.
Ameuza pikipiki, amenunua paji la uso.
Daktari kamchora mstari kwa kalamu ya zambarau,
"Hapa ndipo utakapoanzia," kama mpima viwanja.
Kisha mashine ikanguruma, ikamnyoa.

Mama yake, Münevver, ameketi kando, mkoba magotini.
Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji.
Yeye hakutia maji. Alikaza kitambaa chake,
fundo juu ya fundo.

Kazi yetu ni ya mkopo:
kisogo kina mali, utosi umefilisika,
basi tunachota nyuma, tunapanda mbele,
shina kwa shina, elfu mbili mia nne na kumi,
kila moja na kijitundu chake, na mwinamo wake,
maana unywele uliosimama wima humsuta mwenyewe.
Watu husema yaliyopita si ndwele.
Humu ndani yaliyopita ndiyo mbegu.

Adhuhuri, Tuncay kifudifudi, anakoroma ndani ya ganzi,
mama akanivuta nyuma ya pazia.
Fundo la kwanza alifungua mwenyewe.
La pili alinipa mimi.
Nikaona: njia ya katikati imepanuka
kama njia ya mbuzi iliyogeuzwa barabara,
na kisogo nacho chepesi, hakina cha kukopesha.
"Na mimi je?"
Sikumdanganya. "Wewe hukopi, mama.
Wewe itabidi ujilipe mwenyewe."

Nikamtoa damu, mirija miwili.
Mashine ikaizungusha dakika kumi;
nyekundu ikazama,
juu yakabaki maji ya rangi ya asali changa.
"Hiyo ni mimi?"
"Ni wewe, ukishatulia."
Akacheka hadi Tuncay akagutuka.
Nikamrudishia utosini tone kwa tone, sindano nyembamba,
naye akihesabu michomo kwa sauti.
Kumi na nane. Ishirini.
Kumi na tisa aliiruka. Sikuuliza.

Wiki ya nne Tuncay alipiga simu usiku wa manane.
Zimeanguka! Ziko kwenye mto, ziko kwenye beseni,
pikipiki yangu yote imepitia bomba la maji machafu!
Nikamwambia nililomwambia siku ya kwanza, asisikie:
aliyehama ni mzizi, unywele ulikuwa mzigo tu,
umetuliwa njiani. Ngoja mwezi wa nne.
Akakata simu bila kuaga.

Münevver alirudi mwezi wa pili, akarudi wa tatu, peke yake,
na chupa ya jamu ya tini iliyofungwa kwa gazeti.
Sikumwahidi kitu. Wapo zinaowaota, wapo zisiowaota,
na damu haitoi risiti.

Mara hiyo ya tatu niliweka picha mbili mezani,
ya siku ile na ya leo.
Nikatazama kwa lenzi, nikahesabu, nikarudia.
Kumi na nne zaidi, penye ngozi ya upana wa ukucha,
laini kama za mtoto aliyezaliwa jana.
"Labda," nikasema, maana kazi hii imenifunza woga,
"labda ni taa. Siku ile ilikuwa hafifu."

Aliitazama picha. Akakunja kitambaa mara nne,
akakitia mkobani, akafunga zipu.
"Basi," akasema, "msiizime."